Mita Tano za Mama

Vijana wawili walifika nyumbani kwetu Mombo asubuhi moja ya mwaka 2009, mmoja ameshika futi kamba, mwenzake kopo la rangi na brashi. Nilikuwa likizo. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni chai."

Chai hawakunywa. Walivuta futi kamba kutoka katikati ya lami, wakavuka mtaro, wakapita chini ya mwarobaini, wakaja kusimama mbele ya ukuta wa chumba cha mbele. Yule mwenye kopo akachora X moja kubwa na chini yake akaandika namba. Rangi ilikuwa ya kijani. Mama akauliza maana yake, na kijana akamjibu kwa upole wa mtu aliyeleta habari njema: "Wewe una haki yako, bibi. Barabara ndiyo iliyokufuata."

Siku ile tuliyachukua maneno hayo kama baraka. Jirani yetu wa kulia, muuza vipuri vya baiskeli, alichorewa nyekundu, na mkewe alikuja kukaa na mama mpaka magharibi, analia. Kwetu watu walikuja kutoa hongera. Mama naye alipokea hongera, maana angefanya nini? Nikamwona usiku akitoka na kurunzi, anaumulika ukuta wake kimya kimya.

Asiyewahi kuishi kando ya barabara kuu huenda asijue tofauti ya rangi hizo. Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukianza kupima katikati. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za zamani alihesabiwa kuwa ameifuata barabara. Huyo ndiye wa nyekundu: anapewa notisi, abomoe mwenyewe au abomolewe, na fidia hana. Aliyekuwa kati ya 22.5 na 30 hakuwa amevunja sheria yoyote siku alipoweka msingi. Sheria ndiyo iliyosogea ikamkuta amelala kwake. Huyo ndiye wa kijani, na anatakiwa alipwe kwanza ndipo aondoke.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli wa zamani walikuwa wakipima vitu. Alipotaka kujenga mwaka 1976 alimwendea nyapara wa barabara, akamuuliza mpaka uko wapi. Akaambiwa mita 22.5. Baba akaongeza mbili na nusu zake mwenyewe, "za usalama," akajenga ukuta wa mbele kwenye mita ya 25. Miaka yote mama alimlaumu kwa mita hizo, kwa sababu alikuwa akipika chai na vitumbua vya abiria wa mabasi ya Arusha na ya Lushoto, na kila hatua aliyoongeza baba ilikuwa hatua ya mteja aliyeona uvivu kuteremka. Baba alikuwa akijibu kwamba ipo siku barabara itapanuka, na siku hiyo atamshukuru.

Jioni ile ya vijana wa kopo nilichukua futi kamba ya fundi jirani nikapima ndani. Kutoka mita ya 25 hadi ya 30 ni mita tano. Tatu zilimaliza chumba cha mbele, mbili zikaingia chumbani kwa mama. Nikapiga mstari wa chaki sakafuni. Ulipita chini ya kitanda chake, kichwa kikawa upande wa serikali na miguu upande wake. Laiti nisingeuchora mstari ule. Mama aliufuta kesho yake kwa deki, lakini alikuwa ameshaujua ulipo, na tangu hapo hakuusahau.

Nyumba yenyewe haikuguswa. Miaka mingi sikuweza kuwaeleza watu kilichotuumiza, kwa sababu kila aliyeniuliza "wamebomoa?" nilimjibu hapana, naye akapumua. Tingatinga halikuja. Lilikuja neno moja tu, la mdomo, wala hatukuwahi kuandikiwa na mtu: msiendeleze.

Masika ya 2011 kenchi za chumba cha mama zilikuwa zimeliwa na mchwa. Fundi alisema mbao chache na bati kumi na mbili zingetosha, kazi ya siku tatu. Tukaenda kwa mtendaji, akasema hilo ni la halmashauri. Halmashauri wakasema tulete barua ya watu wa barabara ndipo kibali cha ukarabati kifikiriwe. Watu wa barabara wakasema ndani ya hifadhi hakuna kuendeleza, na wakashangaa kwa nini tunataka kutia mbao mpya kwenye nyumba itakayolipwa. Hakuna aliyetukatalia kwa maandishi, kwa hiyo hapakuwa na cha kukatia rufaa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama sentensi ninayoijutia hadi leo: "Tusubiri, mama. Fidia iko karibu, mbona tutupe pesa?" Nilikuwa mwalimu, mtoto wake mkubwa, mwenye kusoma magazeti. Aliniamini.

Alihamisha kitanda mwaka ule ule. Kwanza akakisogeza nje ya ule mstari ambao mimi nilimwonyesha, kisha, paa lilipozidi kuvuja, akahamia chumba cha nyuma na wajukuu.

Mambo mengine yalifuata kama maji yafuatavyo mfereji. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele alihama, akisema wateja humuuliza kama kesho atakuwepo. Mama alitaka mkopo mdogo wa kununua friji la vinywaji, na barua ya ofa ya kiwanja alikuwa nayo. Ofisa mikopo alikuja kukagua dhamana. Aliiona X akiwa bado ndani ya gari. Hakuteremka.

Mwaka 2013 walikuja wathamini. Hao nawasifu, walifanya kazi yao kwa adabu, walihesabu mpaka miembe na migomba. Kila mwenye nyumba alipigwa picha mbele ya mali yake akiwa ameshika kibao chenye namba. Mama alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili ya wageni. Alipokabidhiwa kibao alinigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona kama wanavyopigwa wezi?" Nikamwambia ndio utaratibu. Kisha hakuna kilichotokea. Wakaja tena 2017 na fomu mpya, kwa sababu thamani ya zamani ilikuwa imepitwa na wakati. Sheria ya uthamini ya 2016 inatambua uthamini wa fidia kwa miaka miwili tu. Mama akashika kibao mara ya pili. Ninazo nakala za picha zote mbili. Ukuta wa nyuma yake ni uleule, bati ni lilelile, ila mwanamke aliye mbele amepungua nusu.

Katikati ya miaka hiyo jua la Mombo lilifanya yake na rangi ikapauka. Dada yangu mdogo alipoolewa, mama alipaka nyumba nzima chokaa, akaizunguka X kwa brashi kwa uangalifu kama mtu anayepaka pembeni mwa kioo, maana tulikuwa tumeambiwa kuifuta ni kosa. Ikabaki alama hafifu katikati ya weupe. Mama akaanza kusema labda wamesahau, labda mpango umebadilika. Miezi michache baadaye wakaja vijana wengine, na kopo jipya, wakapita juu ya mistari ileile. Mmoja alisema wametumwa kuhuisha alama.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu nimewahi kusemwa kuwa naipinga barabara. Barabara naitaka. Mtoto wa mama yangu mdogo aligongwa na lori akivuka kwenda kununua mafuta ya taa, mahali ambapo hakuna hata njia ya waenda kwa miguu, hatua chache kutoka barazani kwetu. Nimeona mabasi yakipishana pale kwa upana wa kiganja. Baba aliyesema barabara itapanuka alikuwa sahihi, na nchi isiyotenga ardhi ya barabara mapema huishia kuilipia kwa bei mbaya zaidi. Mwaka 2017 nchi nzima ilitazama nyumba zikianguka kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, ambako hifadhi inahesabiwa mita 121.5 kila upande. Wapo pale waliojua wanachofanya. Wapo pia waliouziwa viwanja mbele ya viongozi wa mtaa, wakaunganishiwa umeme na maji na mashirika ya umma, wakalipa kodi miaka nenda miaka rudi, na siku ya mwisho wakaambiwa walikuwa wavamizi. Kanuni ya kulinda hifadhi naikubali. Kinachonisumbua ni nani anayeubeba uzito wake wakati serikali inajipanga.

Nilianza kuzisoma sheria mwaka 2014, jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Nilitegemea kukuta ukatili, nikakuta kinyume chake. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake, na inakataza mtu kunyang'anywa mali pasipo fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zimeandikwa na watu waliofikiria hasa maana ya kumhamisha binadamu: kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, kuna gharama ya kusafirisha mizigo tani 12 hadi umbali wa kilomita 20. Na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu ardhi itwaliwe, serikali inalipa riba.

Riba! Nilisafiri na kanuni hizo kwenye bahasha. Ofisa niliyemkuta alizisoma, akanirudishia, akaniambia bila dharau yoyote: "Mwalimu, ninyi hamjatwaliwa. Mmewekewa alama tu. Ile miezi sita bado haijaanza kuhesabiwa."

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ile kwa muda mrefu. Kwa hiyo alama ilitosha kumzuia mama asibadilishe bati, ilitosha kumfukuza mpangaji na kumfanya mtu wa benki asiteremke kwenye gari, lakini haikutosha kuanzisha saa ya kumlipa. Kwa upande wake mali ilikuwa imeondoka. Kwa upande wa serikali hakuna kilichochukuliwa. Pale ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa wetu haukuwa sheria mbaya, wala ofisa mbaya. Alama ile haikuwa na tarehe, na kitu cha serikali kisicho na tarehe kinaweza kukaa ukutani kwa mtu kizazi kizima bila yeyote kuwa amekosea.

Mwanasheria mmoja wa msaada wa kisheria, ambaye hakutudai hata nauli, alinifundisha mambo mawili. Kwanza alinieleza kesi ya baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wakulima wa mkoa wa Arusha walioishinda hoja ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Jaji Mkuu Francis Nyalali alisoma hukumu kwamba hata haki ya ardhi ya kimila, isiyo na hati wala ramani, ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Nilimpelekea mama habari ile. Hakujali sana jina la mahakama. Aliuliza kama wale wakulima waliendelea kulima. Jambo la pili lilikuwa la karatasi: risiti za kiwanja, barua ya ofa, kodi ya pango la ardhi, nakala ya kila fomu ya uthamini, majina na tarehe ya kila aliyefika na futi kamba. Baba alikuwa ameziweka zake kwenye debe la biskuti tangu 1976. Mke wa muuza vipuri hakuwa na hata moja, ingawa walinunua kihalali mbele ya mashahidi, na mumewe alipojaribu kusema kwamba sehemu ya nyumba yao ilikuwa nje ya zile 22.5 za zamani hakuwa na cha kuonyesha. Naamini alisema kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kupima.

Mwaka 2016 niliandika barua. Sikuomba pesa, na hilo lilimshangaza hata mwanasheria wangu. Niliomba tarehe. Niliandika kwamba familia inaheshimu mpango wa barabara, na kwamba tunaomba kujua mwaka gani eneo letu litatwaliwa, na iwapo mwaka huo haujulikani, basi turuhusiwe kwa maandishi kuezeka chumba kimoja. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari mitatu: fidia italipwa fedha zitakapopatikana. Kuhusu paa hawakusema.

Sidhani niliomba jambo gumu. Alama yoyote inayomzuia mtu kutumia mali yake iandikwe siku ya kuisha, palepale chini ya namba, kwa rangi ileile. Siku hiyo ikifika bila malipo, alama ife, na mwenye nyumba awe huru kujenga, kuuza na kukopa, na serikali ikiihitaji baadaye imkute na thamani yake mpya. Kuziba paa, kuchimba choo na kubadilisha mlango uliooza yasiwe maendelezo ya kuombewa kibali kwa mtu yeyote. Na nyumba ikae nje ya kodi kwa muda wote inapokuwa imefungwa mikono. Hili la mwisho ni mama aliyelisema. Tangu 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati ule. Mama hakuwahi kukwepa kodi. Siku ya kwanza alipoona uniti zimepungua nikamweleza sababu, alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, nitalipa. Lakini wananitoza ya nyumba ipi, yangu au yao?"

Kuna wanaonijibu kwamba tarehe zitaifunga serikali isiyo na fedha. Ni kweli zitaifunga. Mwenye nyumba naye hana fedha, na yeye amefungwa tayari. Kati ya hao wawili, mwenye bajeti, wahandisi na wachumi ndiye anayepaswa kubeba kutokuwa na uhakika. Na nimegundua kuwa mahali penye tarehe watu huvumilia mengi: reli ya baba ilikuwa na ratiba, na treni ikichelewa watu walikaa stesheni na kusubiri kwa amani, kwa sababu ubao ulikuwa umesema itakuja saa ngapi na kila mtu aliona imechelewa kiasi gani.

Mwaka 2019 niliacha kusubiri. Nilinunua bati kumi na mbili na mbao, fundi akafanya kazi Jumamosi na Jumapili. Hakuna aliyekuja kuuliza. Miaka minane tulikuwa tumeogopa jambo ambalo huenda hakuna mtu angeliona. Mama hakurudi chumba kile. Alisema ameshazoea wajukuu.

Alifariki 2022, kwa shinikizo la damu, na sitamsingizia mtu. Kwenye kikao cha mirathi tulikaa ndugu watatu na wazee. Mdogo wangu wa kiume alitaka tuuze tugawane, na mnunuzi alikuwa amepatikana, mfanyabiashara wa mbogamboga za Lushoto. Alizunguka nyumba, akapima kwa hatua zake, akataja bei ya eneo la nyuma peke yake. "Hizi za mbele ni za serikali," alisema, akionyesha kwa mkono, na mdogo wangu, aliyekuwa amekuja na matumaini, akainamisha uso. Hatukuuza.

Mwezi uliofuata alikuja binti mmoja mpika chapati, anataka kupanga chumba cha mbele. Alikuwa na meko yake, meza mbili na benchi. Alipenda mwarobaini, alipenda kwamba mabasi yanasimama karibu. Kisha akaiona X.

"Kaka, hii itakuwaje?"

Nikamweleza yote, kuanzia 2009. Nikamwambia ataweza kukaa mpaka fidia itakapolipwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mkataba usio na tarehe mimi sisaini, kaka. Nitanunua vyombo kwa mkopo wa kikundi. Wenzangu wataniuliza mpaka lini."

Tulikuwa tumesimama pale pale mama alipokuwa akichambua mchele. Nikaingia ndani, nikachukua daftari, nikaandika mkataba kwa mkono. Miezi 24, kuanzia tarehe 1 Machi. Nikaongeza kwamba wakija kubomoa kabla ya hapo, kodi ya miezi iliyobaki nitamrudishia mimi, pamoja na gharama ya kuhamisha meko, meza mbili na benchi. Akausoma polepole, mara mbili. Kisha akaomba kalamu.